Jicho la Kituo cha Nne

"Usinipandishie sauti ofisini kwangu," Mama mdogo alisema, na wakati huo sauti iliyopanda ilikuwa yake. Yangu ilikuwa chini, palepale ilipokuwa tangu asubuhi.

Nikamwambia sijapandisha kitu. Nimesema tu kwamba kabla ya saa tisa nitakwenda kukaa kwenye kiti cha mtahini wa nje, anipime upya, basi. Akasema huendi. Nikasema naenda. Akasema sijui ninachokifanya, naingia kwenye mambo ya watu wazima na miguu yenye matope. Nikaangalia miguu yangu. Ilikuwa na ndala.

"Na uniangalie ninapoongea na wewe."

Nikamwangalia. Kwa jicho la kulia, maana la kushoto ndilo tulilokuwa tunaligombania.

Ngoja nieleze, maana hapo mtu anaweza kudhani ni ugomvi wa nyumbani umehamia kazini. Ni wa kazini kabisa. Nyumbani sisi hatugombani, nyumbani tunakula na kuangalia taarifa ya habari.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Anafundisha kwenye chuo cha wapima macho, na mafunzo yote ya kliniki yako chini yake. Wanafunzi wanamwita Mhimili, nyuma ya mgongo wake lakini, kwa sababu mwanafunzi hajamaliza kutaja lenzi aliyoandika, yeye keshauliza, "Mhimili wake uko wapi?" Yaani hiyo lenzi umeilaza kwa pembe gani. Anauliza hivyo mpaka mtu anaota.

Mtaala wa zamani wa chuo ulikuwa wa bahati nasibu. Mwanafunzi anapelekwa kliniki, anakaa, anasubiri atakayeingia mlangoni. Akiingia mzee mwenye mtoto wa jicho, leo tumejifunza mtoto wa jicho. Asipoingia mtoto mdogo kwa miaka miwili yote, mwanafunzi anahitimu hajawahi kumpima mtoto hata mmoja. Mama mdogo alihitimu hivyo. Mtoto wa kwanza aliyempima peke yake alimpa miwani isiyo yake, mtoto akaivaa mwaka mzima akijikwaa, halafu mama wa mtoto akaja akaiweka ile miwani mezani, akaondoka. Hiyo hadithi nimeisikia wakati wa chakula mara nyingi kuliko sala ya chakula yenyewe.

Kwa hiyo akaandika mtaala mpya. Ilimchukua miaka sita. Vituo sita, kila kituo kina mgonjwa wake wa mfano, na kila mgonjwa ana ufunguo, karatasi yenye majibu sahihi ya macho yake, iliyosainiwa na Mama mdogo mwenyewe. Kengele inalia kila baada ya dakika kumi na tano. Wanafunzi wote wanapima jicho lilelile, wanajibu swali lilelile. "Hapa hakuna bahati," alikuwa anasema, huku anapiga meza kwa kidole kimoja. Chuo kikamruhusu aujaribu mwaka mmoja, na Alhamisi, yaani kesho, wanakuja watu wa baraza kuukagua. Wakiupitisha, vyuo vyote vinaufuata.

Mimi ni kituo cha nne.

Nilimaliza shule, matokeo yakaja ya uvuguvugu, si ya kulia si ya kucheka. Mama akanituma kwa mdogo wake nikae huko mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa, nikakaa mimi. Mama mdogo alichoka kunikuta kwenye kochi, akaniambia twende, angalau ukae kwenye kiti chenye faida. Akanipima, akaandika ufunguo wangu: jicho la kulia zima, la kushoto linataka lenzi ndogo tu ya kuona mbali. Toka hapo ni mwaka na kidogo. Wanaweka fremu nzito puani, wanaziba jicho moja, wanauliza, "Ya kwanza au ya pili?" Mara ngapi sijui. Ukiulizwa swali moja mara elfu, linaacha kuwa swali. Linakuwa sauti kama ya feni.

Ubao wa herufi niliujua kwa kichwa wiki ya pili. Sikuukariri kwa makusudi, uliniingia wenyewe, kama namba ya simu ya nyumbani. Na majibu nayo yakaniingia. Nilijua mwanafunzi akifika kwenye lenzi ya ufunguo anaulizaje, na mimi najibu nini. Ya pili. Ya pili. Ya kwanza. Zinafanana. Ukisema "zinafanana" mwanafunzi anashusha pumzi, anaandika, kengele inalia, anakuja mwingine. Hata fundi wa lenzi, mzee mmoja anayekata vioo chumba cha nyuma, alikuwa akinitania kwamba mimi ndiye mgonjwa pekee duniani anayemtibu daktari.

Na karatasi ya ufunguo wangu ilikuwa inatembea. Sijui aliyeanza. Ila ukiwa umekaa kwenye kiti unaona mtu anachungulia kiganja kabla hata hajakumulika. Sikusema. Sikuona linanihusu nini. Wao wanataka kupata, mimi nataka mchana uishe.

Halafu jicho likaanza mambo yake. Taa za barabarani zikawa na mikia. Herufi zikawa zimevaa koti, yaani kila moja na kivuli chake pembeni. Nikifunga jicho la kulia, dunia inakuwa kama imepakwa mafuta. Nikasema ni simu. Nikafikicha. Lilikuwa linawasha, kwa hiyo nikawa nafikicha sana, halafu nikasahau. Sikuogopa. Ningeogopa ningesema, na nyumba ninayolala ni ya bingwa wa macho, hatua kumi kutoka mlango wangu mpaka wake. Siku zilikuwa zinapita tu, na mimi niko ndani yake kama nguo kwenye ndoo.

Mtihani ulikuwa juzi. Wanafunzi thelathini na wawili. Wa ishirini na moja alikuwa Kobe.

Kobe ni msichana mmoja mrefu, mpole, jina amepewa na wenzake kwa sababu anachofanya mtu kwa dakika kumi yeye anafanya kwa arobaini. Wanamcheka. Anawajibu mwenda pole hajikwai, wanamwambia kweli, lakini kengele haimsubiri. Aliingia, akanisalimia kama mtu, akaniuliza nimekula. Wengine huwa wanasalimia fremu. Akazima taa, akachukua tochi ya kupimia, ile yenye mstari wa mwanga unaopitishwa kwenye mboni huku na huku, kisha mpimaji anaangalia unavyorudi. Hapo mgonjwa haulizwi kitu. Jicho linajisemea lenyewe.

Akamulika la kulia, akaandika. Akamulika la kushoto, akasimama. Akamulika tena. Akasogea, akarudi. Nilisikia anapumua kwa pua. Akabadilisha lenzi, akaweka nyingine nzito, akailaza pembeni, akaizungusha taratibu. Na pale, nasema ukweli, zile herufi zikavua koti kidogo. Haikuwa sana. Lakini mstari ambao nilikuwa nausoma kwa kichwa miezi yote ile, ghafla nikauona.

Akauliza, "Hii ya kwanza, au ile ya pili?"

Ya kwanza ilikuwa lenzi ya ufunguo. Ya pili ilikuwa yake.

Nikasema, "Ya kwanza."

Mdomo ulisema. Mimi mwenyewe nilikuwa bado naangalia ile herufi. Akauliza tena, nikasema tena ya kwanza. Akaandika kitu, kengele ikalia.

Orodha ikabandikwa leo asubuhi. Kituo cha nne, wamepita thelathini na mmoja, ameanguka mmoja. Ukianguka kituo unarudia mwaka, ndivyo mtaala mpya unavyosema. Kobe alisimama mbele ya orodha muda mrefu, kama kawaida yake, halafu akaja kunitafuta kwenye benchi la korido. Sikujua pa kuweka uso. Hakunilaumu. Aliniambia nizibe jicho la kulia nimsomee tangazo lililo ukutani, lile jipya, la ratiba ya usafi.

Nikaziba. Nikatafuta tangazo. Nikaona karatasi nyeupe yenye ukungu wa buluu. Nikacheka.

Yeye hakucheka. Akakaa karibu yangu, akaniambia mwanga wa jicho langu ulikuwa unakatika katikati, unafunguka na kufunga kama mkasi. Kwamba kioo cha mbele cha jicho huwa kinatakiwa kiwe mviringo, na changu pengine kinalegea na kuchongoka, kama ncha ya yai. Kwamba kwa umri wangu kinaweza kwenda haraka, kikikamatwa mapema kinazuiwa, kikiachwa kinaweza kufika pa kubadilishwa. Na kufikicha kunakiharibu zaidi. Nilikuwa nafikicha wakati ananiambia. Akanishika mkono, akaushusha.

Halafu akasema lake, kwa sauti ileile ya taratibu. Mwaka huu ndio wa mwisho anaosomeshwa. Akirudia hakuna wa kumrudisha. Rufaa ipo, lakini mtu wa kumpima mgonjwa upya ni mtahini wa nje peke yake, na anaondoka saa tisa. Na mgonjwa lazima aende kwa hiari yake.

Nikamwambia nitakwenda. Nilisema kama mtu anayekubali kuletewa maji. Ila nikaona nipite kwanza kwa Mama mdogo nimwambie, asije akalisikia kwa watu. Njiani nikapita kwa fundi wa lenzi kumuuliza saa. Korido yote ilikuwa imeshasikia, akanitazama, akafuta mikono, akasema, "Mganga hajigangi, kijana. Sasa ni saa nane na robo."

Basi ndiyo maana nilikuwa ofisini, na ndala zangu.

Mama mdogo alikuwa na karatasi mbele yake, vipande vya mtaala vimepangwa kwa rangi, vikombe viwili vya chai vimepoa. Alikuwa ameshanyoosha na suti ya kesho, imetundikwa kwenye kabati la faili. Akaniuliza kwa hesabu rahisi: watu thelathini na mmoja wameona kitu kimoja, mtu mmoja ameona kingine. Nani kakosea?

"Hawakuona," nikamwambia. "Waliandika."

Nikamweleza yote. Karatasi inayotembea, viganja, ubao nilionao kichwani. Nikamsomea mstari wa nane nikiwa nimefumba macho yote mawili, D, K, N, R, Z, halafu nikamsomea kinyumenyume. Nikamwambia na ile "zinafanana". Nikamwambia nilichomjibu Kobe. Wakati nasema nilikuwa najisikia kama mtu anayesoma risiti ya mwenzake.

Akakaa. Kidole kikaanza kugonga meza, kikaacha. Akasema nawatetea wavivu. Akasema yule msichana kanijaza maneno. Akasema mengine mengi, sauti juu, sauti chini, na mimi nikayaacha yapite, mpaka yakaisha. Halafu akainuka, akafunga pazia, akazima taa, akanionyesha kiti kwa kidevu.

Nikakaa. Kukaa ndiyo kazi yangu.

Akaniziba la kulia kwa kiganja chake mwenyewe, hakutafuta hata kizibo. Kiganja kilikuwa cha moto. Akanimulika. Huwa anamulika upesi, mkono wake unajulikana chuo kizima, huku, huku, kwisha. Safari hii ulienda huku, ukasimama. Ukarudi. Nikasikia anapumua kwa pua, kama Kobe. Akamulika juu chini. Akachukua lenzi, akaacha. Akachukua nyingine. Ilichukua muda mrefu, kengele yoyote ingeshalia.

Akazima tochi lakini hakuwasha taa.

"Tangu lini?"

"Miezi saba hivi. Nane."

"Umekaa mezani kwangu miezi minane huoni na jicho moja, na hukusema?"

"Hukuniuliza, Mama mdogo. Uliniuliza ya kwanza au ya pili."

Aliwasha taa, akaenda mezani, akachukua penseli, akaandika namba kwenye karatasi chakavu. Niliona kwa la kulia. Hazikuwa za ufunguo. Zilikuwa zinakaribiana sana na zile Kobe alizonitajia kwenye benchi, na pembeni, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika na mhimili. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mtoto wa meza, akaurudisha taratibu kwa kiganja chote.

Kisha akaongea vizuri. Hiyo ndiyo mbaya kuliko kelele. Akasema Ijumaa asubuhi atanipeleka mwenyewe kwa daktari anayemwamini, jicho litatibiwa, nisiwe na wasiwasi. Nikamwambia sina wasiwasi, na ilikuwa kweli, nilikuwa sina. Akasema kesho ni siku moja tu. Watu wa baraza watasimama nyuma ya kituo cha nne kwa sababu ndicho kilichofanya vizuri kuliko vyote. Nikae kama kawaida, nisome kama kawaida. Mtaala ukipita, kasoro zitarekebishwa, funguo zote zitapimwa upya kila mwezi, ataandika yeye mwenyewe. Usipopita, tunarudi kule kule, kwa wanafunzi wanaosubiri bahati iingie mlangoni, na watoto wa watu wanaojikwaa na miwani isiyo yao.

"Na Kobe?"

"Atarudia. Mwaka si kitu kwa umri wenu."

Mimi mwaka naujua. Nimeukaa wote kwenye kiti hicho. Lakini sikusema hivyo, lingekuwa neno kubwa. Nilimwambia tu kwamba Kobe hana wa kumlipia mwaka mwingine. Akasema kila mwanafunzi ana hadithi. Nikamwambia huyu hadithi hana, ana jibu sahihi.

Akashika kichwa. Ameanza mvi hapa mbele, sikuwahi kuziona, na nilikuwa naziona kwa jicho moja. Akasema taratibu, kama anaiambia meza, kwamba yeye ndiye aliyenipima mara ya kwanza, yeye ndiye aliyesaini, na kwamba kila jioni nimekaa mbele yake nafikicha jicho, alikuwa ananiona, akadhani ni usingizi. Nikataka kumwambia si kitu. Nikatafuta ndani kama kuna kitu cha kumwambia, hasira, huruma, chochote kile. Hakukuwa na kitu. Palikuwa peupe kama lile tangazo.

"Rufaa uliiweka wewe," nikamwambia. "Ukurasa wa arobaini na sita. Mgonjwa aende kwa hiari yake. Ulinisomea mezani, ukaniuliza kama sentensi imenyooka."

"Nakumbuka."

"Nilisema imenyooka."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Nikainuka. Fremu ya majaribio ilikuwa mkononi mwangu, sijui niliichukua saa ngapi, nikaiweka juu ya vipande vyake vya rangi, nikaitoa tena nikaiweka pembeni nisije nikavuruga mpangilio. Aliniangalia ninavyofanya hivyo. Nilidhani atasimama mlangoni. Hakusimama. Alivuta ule mtoto wa meza kidogo tu, kidole kikaingia, kikabaki humo.

"Ukikaa kwenye kile kiti," akasema, "usimsomee mtahini ubao. Utamharibia. Mwambie aanze na tochi."

"Haya."

"Na usifikiche."

Nikafungua mlango. Kobe alikuwa mwisho wa korido kwenye benchi, magoti pamoja, begi juu ya magoti. Upande wa nje wa mlango kuna kibao cha kuomba kimya. Sikukisoma, nakijua. Nikatoka, nikaurudisha mlango taratibu mpaka ukabana.